Mikono Kumi na Minne

Bangili ya plastiki aliyovishwa Mbaruku huhesabu kila mkono unaomgusa. Ndivyo hospitali zote zinavyofanya siku hizi. Mikono ikizidi kumi kwa siku, kompyuta hupiga hesabu ya vijidudu sugu vitakavyoenea wodini, na kabati la dawa halifunguki, ili dawa isije ikapoteza nguvu kwa wengine.

Mkewe, Sikudhani, aliwasihi ndugu wa Muheza wasije. Walikuja wote, na chupa ya uji, wakampa mgonjwa mkono mmoja mmoja.

"Wifi, nimpungie kaka yangu kama trafiki?" alicheka Mwanamkasi, dada wa mgonjwa.

Bangili ikasoma kumi na nne.

"Dawa ile pale, dada, naiona kwenye kioo cha kabati," muuguzi alimwambia Sikudhani kwa upole. "Hesabu itaanza upya kesho asubuhi, ila akiguswa tena hata na mtu mmoja, itasogezwa siku nyingine."

"Atafika kesho?"

Muuguzi alitazama chati ya homa. "Hilo kompyuta haisemi."

Sikudhani hakuweza kuichukia hesabu ile. Mwaka juzi, katika wodi hii hii, ilimnyima dawa mgonjwa wa kitanda cha pili. Mwana wa Sikudhani mwenyewe alipolazwa baadaye, dawa hiyo hiyo ilikuwa bado ina nguvu, ikamponya.

Ndugu walipoondoka, Mbaruku alifumbua macho, akanyoosha mkono kumtafuta mkewe. Sikudhani aliificha mikono yake ndani ya kanga, akaanza kumsimulia habari za kuku anayeatamia chini ya kitanda chao.

Mkono ulibaki umenyooshwa.