Kitovu cha Mjukuu

"Kitovu kisipopakwa masizi kitakaukaje?" jirani aliwahi kumuuliza Bi Mgeni, wakacheka wote wawili.

Siku nesi Zuhena alipokuja kumtazama mjukuu wa Bi Mgeni wa siku tatu, alimkuta bibi huyo ameshika kikopo cha masizi na mafuta.

"Usimpake kitu, mama. Kitovu hukauka chenyewe kwa hewa. Masizi huleta pepopunda, na pepopunda huua watoto wachanga."

"We nesi! Nimelea sita kwa masizi haya haya, Mungu shahidi."

"Mungu akutunzie. Ulizaa wangapi?"

Bi Mgeni alikitazama kikopo.

"Wanane," akasema.

Alikiweka chini, akanawa mikono kwa sabuni, akaikunja nepi ya mtoto ikae chini ya kitovu. Kisha akatoka nje.