Salamu ya Kijani

Sikuwa na kompyuta nyumbani, wala macho mazuri, wala vidole vyepesi. Kwenye kompyuta ya darasani, dirisha langu la amri, pale tunapoiandikia mashine maagizo, lilikuwa jeusi tupu, halina hata salamu.

La Mama Aloo, muuza sangara, lilikuwa nayo. Kila alipolifungua katika darasa letu la kompyuta Mkuyuni, liliandika kwa kijani: "Shikamoo Mama Aloo."

"Marahaba, mwanangu!" aliliitikia. "Mzee, lako bado halina adabu?"

Darasa likacheka. Mimi nina cheti cha masomo ya jioni. Yeye aliishia darasa la nne.

Kituo cha kompyuta cha Magu kilitaka mwalimu msaidizi. Nikiwa kiranja wa darasa, nilitakiwa kupeleka jina moja, na nilikusudia liwe langu.

Alipotoka kunywa chai, nilifungua faili lake la mipangilio, lililobeba ile salamu, nikafuta kila mstari.

Alirudi akakuta weusi. Hakuuliza mtu, hakugusa daftari. Vidole vyenye makovu ya miiba ya samaki viliandika upya: rangi, kigeu kinachoshika jina lake, salamu.

Kijani kikawaka. Safari hii hakuitikia. Alinitazama.

Niliandika jina lake, nikalamba bahasha, nikamkabidhi kondakta wa basi la Magu.