Zamu ya Mama Kelele Kunyamaza

"Kimelegea kama tambara lililoloa," mpasuaji alisema. "Nakikanda, nakikanda, wapi!"

Maneno hayo ndiyo yaliyomgutusha Mama Kelele. Hakuhitaji macho kujua kinachoendelea. Alikuwa mkunga wa hospitali hii tangu ujana wake, na chumba cha upasuaji alikijua kwa masikio. Mashine ya kunyonya damu ilikuwa inakoroma bila kupumzika, na mlio wa moyo kwenye skrini ulikuwa unakwenda mbio. Mtoto ameshatolewa, kizazi kimekataa kujikaza, damu inamwagika.

"Gesi umefunga?" mpasuaji aliuliza.

"Nimefunga toka mtoto alipotoka," alijibu mtaalamu wa usingizi, ambaye hospitali nzima ilimwita Bwana Kaputi. "Lakini ulitaka kizazi kilegee upate kumgeuza mtoto, nikaifungulia mpaka mwisho. Sasa haitoki mwilini mara moja. Ikiisha, kizazi kitajikaza. Dawa ya kukikaza iko kwenye dripu, inangoja gesi iondoke tu."

"Tutajuaje kama imeisha?"

"Hapo ndipo penye kazi. Nimemchoma na ile ya kulegeza misuli. Hata kope hawezi kuchezesha."

"Na hii sindano nyingine ya usingizi?" nesi aliuliza kutoka kwenye trei.

"Iache kwanza. Presha iko chini mno, nikimwongezea itaporomoka."

Mpasuaji alijikaza kisabuni, lakini pumzi zake zilikuwa za mtu aliyekwama. Kila alipokikamua kizazi, tumbo la Mama Kelele lilikatwa kwa maumivu. Wakunga wengine wako hivyo, wanaumwa uchungu wa kila anayezaa, na wenzake walishamtania sana kwa hilo.

"Mtoto hakupona," nesi alisema taratibu, "na huyu ni wa tatu. Nyumbani hana hata mmoja. Ukikitoa kizazi, dokta, ndiyo basi tena."

"Nikikiacha tutamzika yeye. Chupa ya mwisho ya damu ndiyo hiyo inayoning'inia. Mumewe nimeongea naye hapo mlangoni, amekubali. Amesema tumwokolee mke, mengine basi."

Mama Kelele alihisi roho inamtoka. Wa tatu! Alitaka kulia kwa sauti, alitaka kumuuliza nesi kama ana hakika, kama wamempulizia mtoto hewa vya kutosha, kama wamemsugua mgongo. Hata hivyo hakuna kilichomtoka. Kitu kilikuwa kimemkaba kooni.

Ndiyo ajabu yenyewe, kwa sababu jina la Mama Kelele hakulipata bure. Akimwambia mtu "sukuma!" wodini, walinzi wa getini husukuma. Lakini asubuhi hii, kabla ya kuanza, mpasuaji alikuwa amemtania: "Leo ni zamu yako kunyamaza, Mama Kelele. Kazi hii niachie mimi." Na kweli alikuwa amenyamaza.

Sasa alitaka kusema jambo moja tu. Gesi imeisha.

Alijua. Hakuwa anakisia. Alijua kuliko Bwana Kaputi na mashine zake zote. Kizazi kilikuwa kinakaribia kushika, kilihitaji kungojwa kidogo tu, na hawa walikuwa wanataka kukikata. Kwa kuchelewa kidogo tu kumwambia mtu neno moja, nyumba nzima ingebaki bila mtoto maisha yote. Alijaribu kuinua mkono amshike mpasuaji. Mkono haukuinuka. Alijaribu kidole. Hata kidole kilimkatalia.

"Ngojeni!" alipiga kelele moyoni. "Jamani, ngojeni!"

"Nipe vibanio," mpasuaji alisema. "Na mkasi."

Vyuma viligongana kwenye trei. Nesi alikuwa analia waziwazi sasa, anavuta kamasi nyuma ya barakoa yake. Mama Kelele alimwomba Mungu, akawaomba na hao watoto watatu, akaomba yeyote aliyekuwa karibu kumsikia. Alichukia mwili wake. Mwili ambao siku zote ulikuwa mwepesi kukimbilia wengine, leo ulikuwa umelala kama gogo, na hofu ikamjaa mpaka ikatafuta pa kutokea.

Bwana Kaputi alikuwa anaweka sawa mpira wa hewa mdomoni mwa mgonjwa. Akaacha. Akainama zaidi, akagusa plasta iliyofunga macho ya mgonjwa, akakitazama kidole chake.

"Dokta, weka mkasi chini."

"Niweke chini kwa nini?"

"Gesi imeisha."

"Umejuaje?"

Bwana Kaputi alimnyooshea nesi mkono. Mpasuaji alibaki na mkasi hewani. Kisha mkono wake mwingine, uliokuwa bado umeshika kizazi, ukatulia. "Subirini," alisema polepole. "Subirini kidogo. Kinashika. Kinakaza!"

Bwana Kaputi alikuwa ameshaipokea ile sindano iliyokuwa kwenye trei. Kwa mkono mwingine aliibandua plasta iliyoloa, akalifuta chozi kwa kidole gumba, akainama mpaka kwenye sikio la mgonjwa.

"Tumekusikia, Mama Kelele," alisema, na sauti yake ikakatika. "Tumekusikia, dada yangu. Sasa lala."