Saini ya Mabawa

"Shona, mama mito, shona! Ukimaliza, itie sufi tuilalie!"

Mafundi wakacheka. Mrisho ndiye aliyekuwa msimamizi wa karakana ile ya Mapinga, na mzaha wa bosi hata ukichacha huliwa. Somoe hakuinua uso. Mabawa ya ile ndege kuukuu ya vita yalikuwa ya kitambaa, naye kwa miezi minne alikuwa akikishonea kwenye mbavu za mbao, kila mshono na fundo lake.

Mrisho roho ilimchafuka kila akimwona. Ndege ya vita, chombo cha wanaume, leo inashonwa na mwanamke aliyeokotwa kwenye kushona mapazia na mito ya nyumba za wageni Bagamoyo! Hata jana alimkuta ameipakata kofia ya ngozi ya kiti cha nyuma, anapunguza ukanda wa kidevuni.

"Na kofia pia? Kesho utaishonea ndege baibui."

"Ilikuwa kubwa, kaka Mrisho." Akakata uzi kwa meno.

Leo, siku ya ndege kuruka tena, wanafunzi walijipanga kando ya uwanja wa nyasi waione historia ikiruka, maana kuikariri walishachoka. Najma, binti wa Somoe, alikuwa mstari wa mbele. Tangu asubuhi alishawatangazia wenzake kwamba mabawa yale kashona mama yake.

Kapteni Muhidini, rubani mstaafu ambaye ndiye angeirusha, akalifungua daftari la ndege mezani.

"Aliyetengeneza mabawa atie saini hapa. Jina lake nitalisoma mbele ya watoto hawa."

Somoe akanyoosha mkono. Mrisho akaiwahi kalamu.

"Rudi kwenye mito yako," alimnong'oneza. "Historia haiandikwi kwa sindano."

Akasaini kwa mbwembwe, herufi kubwa tupu. Somoe akamtazama, kisha akarudi nyuma hatua moja.

Kapteni akalisoma jina la Mrisho. Makofi yakalia. Mrisho akatunisha kifua kama jogoo aliyewika peke yake mtaa mzima. Mtoto mmoja akamsukuma Najma begani: "Mwongo we! Mama yako yuko wapi hapo?" Najma akainamisha kichwa.

"Sasa wanangu," Kapteni aliendelea, "somo la kwanza la leo. Jeshini tulikuwa na desturi: aliyesaini mabawa ndiye anayepanda kiti cha nyuma, safari ya kwanza." Akaichukua ile kofia ya ngozi, akamtupia Mrisho. "Haya fundi, twende."

Mrisho akaidaka. Akaangalia mbingu, akaangalia bawa. Nyuzi. Nyuzi tupu, za mshona mito!

"Kapteni, mimi... nina presha."

"Ulipokuwa unasaini hukuwa nayo."

"Sikushona mimi!" Mrisho alipaza sauti. "Wallahi hata fundo moja! Kashona Somoe, yote, yeye peke yake! Waulize mafundi!"

Sauti ilifika mpaka mstari wa nyuma kabisa wa wanafunzi. Najma akainua kichwa.

Kapteni hakushangaa. Alisogeza tu daftari upande wa Somoe. Somoe akakata jina la Mrisho kwa mstari mmoja, akaandika lake, kisha akaipokea kofia kutoka mikononi mwa Mrisho.

Akaivaa juu ya mtandio, akafunga ukanda kidevuni. Ulimkaa barabara.