Bibi Harusi wa Manjano

Bibi harusi alikuwa wa manjano tena. Si shela tu. Meno, maua, hata keki. Mama yake aliishika picha kwa ncha za vidole.

"Mwanangu ameugua lini?"

Mpiga picha alimgeukia mdogo wake aliyekuwa akikunja taa, akamwona ametulia tuli, hana hata chembe ya haya usoni. Hilo ndilo lililomuuma zaidi.

Tangu mwezi uliopita kila harusi ilitoka hivyo. Picha zao zilichapishwa papo hapo ukumbini, wageni wakaondoka nazo mkononi, kwa hiyo hapakuwa na nafasi ya kurekebisha. Kila kitu kilitegemea kitambaa. Kabla ya kazi alikitandaza, cheupe pe, akakipiga picha, akaiambia kamera: hiki ndicho cheupe, rangi nyingine zifuate. Kamera haina ubishi. Zamani, kwa utani, ndugu hao wawili waliionyesha karatasi ya manjano wakaiambia ndiyo nyeupe; rangi zikageuka kinyume, mdogo mtu akatoka wa buluu kama maiti. Walicheka mpaka wakakaa chini.

Siku hizi hawakucheka.

"Kikulacho ki nguoni mwako," mkewe alimwambia jioni ile akianua nguo. "Shemeji anataka studio yake. Wateja atawatoa wapi kama si kwako?"

Maneno yakamwingia. Nani mwingine aliyeishika kamera? Akaanza kulala na mkoba wa kamera ubavuni, ufunguo wa studio shingoni. Harusi iliyofuata, manjano. Basi anaichezea nikienda msalani, akajisemea.

Akamwita mdogo wake kwenye chumba cha kuchapishia.

"Kamera umeifanya nini?"

"Mimi tena, kaka?"

"Usiniite kaka."

Mdogo mtu aliweka funguo zake mezani taratibu. "Baba alituachia kazi hii sote wawili," alisema. "Haya, baki nayo. Lakini nikishatoka mlango huu, hata kwenye msiba wangu usije."

Akatoka bila kugeuka. Heri nusu shari kuliko shari kamili, mpiga picha alijiambia.

Jumamosi alifanya kazi peke yake. Hakumruhusu mtu kuusogelea mkoba, hata bwana harusi aliyetaka kumsaidia kuubeba. Alitandaza kitambaa, akapima, akapiga. Picha ya kwanza ikatoka kwenye mashine ingali na joto.

Manjano.

Alirudi nyumbani. Mkewe alikuwa uani mbele ya beseni, mikono imejaa povu.

"Lete hicho kitambaa nikifue, usije ukaaibika mbele za watu," alisema. Akakichukua, akakisugua, akakisuuza, kisha akafungua kichupa na kudondosha buluu ya kufulia kwenye maji masafi. "Sabuni peke yake ilikuwa hainiridhishi. Mwezi mzima huu tangu nianze kukitia hii, si umeona mwenyewe kinavyong'aa?"