Siku Thoya Alipomkumbuka Mkewe

Mara ya pili Thoya alipotoroka nyumbani, vijana wanne wa timu walimkuta Utange, wakambeba mzobemzobe mchana kweupe hadi Magogoni, wakamtua miguuni pa mkewe.

"Asanteni, wanangu," Kafedha akasema, upawa wa kukaangia mahamri ungali mkononi. "Leo alifika mbali."

Erastus, dresa wa timu, mwenye ndoo na mkoba wa bandeji, alisimama nyuma yao asijue aweke wapi macho. Kosa lilikuwa lake. Thoya aliwasili Alhamisi kutoka Takaungu, akaandikishwa Ijumaa kwa sifa ya kichwa chake tu, na Jumamosi kichwa kikapata ajali. Mvua ilikuwa imenyesha, mpira wa ngozi ukanywa maji ukawa mzito kama dafu. Aliuruka, akagongana na beki wa Changamwe, akaanguka kama gunia. Erastus alikimbia akammwagia maji.

"Wauona mpira?"

"Naona miwili."

"Basi piga ule wa kushoto," Erastus akamwambia, akamrudisha uwanjani. Thoya akapiga vichwa saba zaidi.

Jioni ile hakujua kwake ni wapi. Erastus alizunguka naye Magogoni nzima, hadi Thoya alipoketi kwenye kizingiti cha nyumba moja akakataa kuinuka. Erastus akashukuru kwamba wamefika. Akabisha hodi, akaeleza. Kafedha aliwatazama kwa muda, mmoja baada ya mwingine, kisha akajifuta mikono kwa kanga yake.

"Haya," akasema. "Mwingize."

Tangu siku hiyo Thoya hakuwa Thoya. Kijiko alikiita kitana. King'ora cha kiwanda kilimliza machozi. Asubuhi alikaa amekishika kichwa kwa mikono miwili, kama mtu aliyeazimwa chungu akaogopa kukivunja. Na kulala alilala barazani, akidai si adabu kulala ndani kwa mwanamke asiyemjua.

"Hata jina langu nimemfundisha," Kafedha alisema, na Erastus akazidi kuumia rohoni. Mama wa watu alimkanda kichwa kwa maji moto, akamlisha uji, akampunguzia suruali kiunoni na miguuni, maana maradhi yalikuwa yamemla mwili.

Daktari alitoa sharti moja. "Asiguse mpira mpaka amtambue mkewe. Mtu akimsahau mkewe, ubongo bado umevimba."

Fainali ya kombe ilikuwa imekaribia. Boga, kapteni wa timu, alikuja kila siku kuulizia, na kila siku alirudi ameinamisha kichwa.

Juma la tatu daktari akampima tena, mbele ya Kafedha na Erastus.

"Leo siku gani?"

"Jumanne."

"Vidole hivi vingapi?"

"Vitatu."

"Na nchi hii ni ya nani?"

Thoya akafikiri. "Bendera ya Sultani, kodi ya Malkia, na kelele za Uhuru."

Daktari akakuna kidevu. Mwaka ule wa sitini na mbili, hata yeye hakuwa na jibu bora.

"Na huyu mama?"

"Ni mama mwema sana," Thoya akasema kwa upole. "Lakini mimi sina mke."

"Bado," daktari akasema, akafunga mkoba wake.

Erastus alitoka nje, akaegemea ukuta wa jikoni, akalia. Thoya akamfuata.

"Dresa, walia nini?"

"Nimekuharibu kichwa, ndugu yangu. Ningekutoa uwanjani siku ile."

"Na kama kichwa changu ni kizima?"

"Wenye vichwa vibovu wote husema hivyo."

Ndani Kafedha alikuwa akitwanga iliki, na harufu yake ikawafikia hapo walipo.

"Nikisema ni mke wangu, mtaniacha?"

"Usiseme kwa ajili yetu," Erastus akamsihi. "Jitahidi ukumbuke. Anza kidogo kidogo."

Thoya akajitahidi. Alikaa kando ya jiko akimtazama Kafedha akisukuma unga. Akamchotea maji, akamsikiliza akihadithia harusi yake. Akaanza kumcheka alipoimba vibaya, na Kafedha akaanza kuimba vibaya makusudi. Siku ya tano alikunja mkeka wake barazani akahamia ndani. King'ora cha kiwanda kikalia, wala hakulia nacho.

Ijumaa ya juma lililofuata, siku moja kabla ya fainali, daktari akarudi. Boga na timu nzima walijazana dirishani.

"Huyu mama ni nani?"

"Kafedha, mke wangu," Thoya akasema bila kusita. "Nilimwoa wakati wa mvua kubwa. Wajomba zake walidai mitungi kumi ya tembo. Mmoja ukavunjika njiani, wakapigana mieleka kwenye tope. Naye alikuwa amesimama mlangoni, akicheka."

Machozi yalimtoka. Kafedha naye alilia huku akicheka, kanga mdomoni. Daktari akatia sahihi: mgonjwa amepona kabisa. Dirishani wakapiga vigelegele kama wanawake.

Erastus alihisi jiwe likimshuka kifuani. Akachukua kadi ya mchezaji aijaze. Kulikuwa na mstari mmoja tu mtupu, wa ndoa.

"Shemeji," akauliza, "mmeoana miaka mingapi?"

"Miaka?" Kafedha akashangaa. "Si tangu Jumamosi ile uliponibishia hodi, ukaniambia, 'Mama, nimekuletea mumeo'? Nami mjane, mwaka wa tano huu, ningekataaje?"