Ngozi Mpya

Mbele ya umati uwanjani, Bi Somoe, mtunzaji wa ngoma ya mji, aliichana ngozi ya ngoma hiyo kwa kisu.

"Bi Somoe! Unainajisi ngoma!" akafoka Jumbe Vuai, mkuu wa mji.

Bi Somoe hakuinua hata uso. "Aliyeinajisi ni wewe, Jumbe, juzi ulipoiazimisha ikapigiwe walevi karamuni. Ngoma hii hulia siku ya kutawazwa jumbe tu. Mimi naisafisha."

Akaosha mzinga wa ngoma kwa maji ya marashi, akawamba ngozi ya fahali aliyemfuga mwenyewe. Jumbe akanyoosha mkono aijaribu.

"Usiiguse, bado mbichi. Ikikauka, tutajua itamlilia nani."

Bi Somoe akaketi kando ya ngoma, mgongo wima, ngozi ikianza kukaza juani.